Jani la mkarafuu halikugeuka bluu, ndo kusema halina wanga?

bi_Wete
Asalaam alaykum jamani, naomba msaada, mie si mtu wa sayansi toka nipo skuli nilikuwa naikimbia. Kijana wangu yuko fom two hapa Wete, wamepewa kazi ya kupima wanga kwenye jani, maabara ya skuli ipo lakini vifaa ndo hivo tena, kwa hiyo wakagawiwa makundi wakafanye majumbani halafu waandike ripoti. Wakaja kwangu alfajiri kabla ya kwenda skuli wakachuma jani la mkarafuu ulio hapa uwani, wakalichemsha kwenye maji, wakalitia kwenye spiriti, halafu wakalitonea iodini. Kitabu kinasema ligeuke bluu iliyoiva karibu na nyeusi. La kwao limebaki rangi ya kahawia-kijani ile ile na matone ya iodini yamekaa juu yanateleza kama maji kwenye jani la jimbi, hayaingii wala hayatoki.

Sasa ripoti wanataka kuandika "mkarafuu hautengenezi wanga". Mie naona haiji, mti mkubwa vile unazaa mpaka matawi yanavunjika utaishije bila ya chakula? Lakini nikisema naambiwa mama wewe hujui, iodini ndo imesema.

Na jengine, baba yao kakasirika kukuta spiriti jikoni, anasema watatuchomea nyumba hawa. Kwenye hili niko upande wake lakini sijamwambia 😅 Kuna njia ya salama au niwaambie waache tu?

maalim_mstaafu
Waalaykum salaam bibie. Kwanza mwambie baba watoto yuko sahihi mia kwa mia, na hilo la moto nitalirudia chini usiliruke.

Mkarafuu una wanga, usitie shaka. Iodini haikusema kitu hapo, maana haikufika ndani. Jani la mkarafuu gumu, limepakwa nta juu ndo maana linang'ara, na ndani limejaa mafuta, si ndo hayo hayo majani na makonyo (vile vijiti vinavyoshika karafuu) yanayokamuliwa mafuta pale kiwandani Wawi. Ukilichemsha dakika moja moja hivi halifunguki, spiriti haipiti, ile rangi ya kijani haitoki, na iodini ikija juu inateleza kama ulivyosema. Waalimu wengi wanachukua jani lolote lililo karibu na mlango halafu wanashangaa. Chukueni jani laini, matembele ni mazuri mno, au kisamvu kichanga, au ule mti wa maua mekundu wa haibiskasi kama upo kwa jirani.

La pili, na hili ndo kubwa kuliko la mkarafuu: wamechuma alfajiri. Jani mchana linapika sukari kwa mwanga wa jua, sukari inayozidi linaiweka akiba ndani kwa umbo la wanga. Usiku likiwa giza linauvunja ule wanga linaugeuza sukari tena na kuusafirisha kwenye mizizi, machipukizi, matunda. Kwa hiyo jani la alfajiri akiba yake imeshaliwa karibu yote. Chumeni alasiri, saa tisa saa kumi, siku ya jua, mtaona tofauti na hiyo iodini hiyo hiyo.

Sasa namna ya kufanya na kwa nini. Maji yachemke sawasawa, tumbukizeni jani kwa dakika moja au mbili mpaka lilegee. Hapo mnaliua, kazi zote za ndani zinasimama pale pale na vile vikuta vya seli vinalegea ili vitu viweze kupita. Baada ya hapo ZIMENI MOTO. Namaanisha uzimike, seredani itolewe nje ya nyumba, si kuwekwa kando. Spiriti inachemka kwenye nyuzi 78 tu, maji yaliyotoka kuchemka yanatosha kabisa kuichemsha bila ya moto. Mimineni hayo maji ya moto kwenye bakuli kubwa, spiriti iwe kwenye gilasi ndogo nene, kiasi cha kulifunika jani tu, gilasi ikae ndani ya bakuli. Madirisha wazi. Mtaona spiriti inageuka kijani na jani linapauka mpaka linakuwa jeupe-manjano. Maji yakipoa kabla rangi haijaisha badilisheni maji, msirudishe gilasi jikoni.

Jani likitoka hapo linakuwa kavu linavunjika kama papadi, lichovyeni kwenye maji ya uvuguvugu lilainike, litandazeni kwenye sahani nyeupe, likipoa ndo mtie iodini. LIKIPOA. Ile rangi ya bluu-nyeusi inapotea kwenye moto na kurudi ikipoa, nimeona wanafunzi wakitonea jani la moto halafu wakalitupa na kusema hakuna kitu.

dawa_baridi_Chake
Maalim kamaliza, mie naongeza upande wa dukani maana wanakuja sana watoto wa skuli msimu huu.

Spiriti zinazouzwa si moja. Ile ya kusafishia vidonda nyingi ni asilimia 70, nyengine iliyobaki ni maji, inafanya kazi ila polepole, jani lichaneni vipande na muwe na subira. Ile yenye nguvu zaidi inatoa rangi haraka. Ile iliyotiwa rangi ya zambarau ina sumu makusudi watu wasiinywe, mvuke wake si wa kuuinamia na gilasi mliyotumia isirudi kabatini kwenye vyombo vya kunywea. Na muandike juu ya chupa, nyumba ina watoto wadogo.

Iodini nayo, wengi wanapewa ile ya povidoni ya vidonda, ya kahawia nzito. Inafaa, lakini izimueni na maji mpaka iwe rangi ya chai ya rangi, ikiwa nzito kila kitu kitaonekana cheusi na hamtojua wanga upi na iodini ipi. Angalieni isiwe ile ya sabuni ya kunawia mikono ya madaktari, inatoa povu. Kabla ya kugusa jani ijaribuni kwanza kwenye punje za wali au kipande cha muhogo mbichi. Ikigeuka bluu-nyeusi iodini nzima, isipogeuka rudisheni dukani msilaumu jani.

Ikimwagika kwenye sare nyeupe, maji ya ndimu yanasaidia kuondoa doa, ile vitamini C inaimaliza rangi ya iodini. Kwa sababu hiyo hiyo ndimu isisogee karibu na jani lenyewe.

mtoto_wa_Konde
samahani naingilia, mbona sisi tulitumia majani ya kitunguu, laini kabisa, tukachuma mchana jua kali na rangi yote ikatoka likawa jeupe na iodini tukaijaribu kwenye kiazi ikafanya kazi lakini jani likabaki kahawia tu?? mwalim akasema tumekosea hatua akatupa sifuri karibu

maalim_mstaafu
Hamkukosea hatua mwanangu. Kitunguu akiba yake kwenye majani hakiweki kwa umbo la wanga, kinaweka sukari. Iodini haijui sukari, ingekaa juu yake siku nzima na isibadilike. Hiyo sifuri ungeikatia rufaa 😂 Matokeo yenu yalikuwa sahihi, ila mlipaswa kuandika mlichokiona na mkaweka jani jengine la mmea mwengine pembeni kwa kulinganisha.

Mzee_Ngezi
Hivi hii chumvi ya madini joto si ina iodini ndani yake? Si wakoroge chumvi tu wakamaliza, mambo ya kwenda dukani ya nini. Duka lenyewe la dawa kwetu huku mbali.

dawa_baridi_Chake
Haifanyi kazi mzee wangu. Kilichomo kwenye chumvi ni kidogo mno na tena hakiko kama iodini yenyewe, kimefungwa kwenye kemikali nyengine, iodeti. Ingekuwa iodini huru basi kila ukitia chumvi kwenye wali sufuria nzima ingekuwa ya bluu.

Mzee_Ngezi
Hahaha hapo nimekufahamu.

karafuu_kavu
Kuna kitu kizuri hapa kuhusu iodini. Aliyeigundua alikuwa Mfaransa, Bernard Courtois, mwaka 1811, alikuwa anashughulika na majivu ya MWANI, akamimina asidi akaona mvuke wa zambarau unapanda. Mwani! Na sie Wazanzibari tunalima mwani toka 1989 kule Paje na Jambiani na huku Pemba pwani zimejaa, halafu iodini tunaisubiri kutoka dukani.

bint_mwani
@karafuu_kavu usiwape watu tamaa wakaenda kuchoma mwani wa mama zao 😂 Ule wa Ufaransa ni mwani wa kahawia wa bahari ya baridi, unakusanya iodini nyingi sana. Wetu ni mwani mwekundu hata ukiuona wa kijani, tunaulima kwa ajili ya karaginani ya kufanyia vitu viwe vizito, kwenye dawa ya meno, aiskrimu na kadhalika. Utachoma gunia zima uishie na majivu.

Ila kwa anaetaka kuchokoza, mwani mwekundu nao una wanga wake, si sawa na wa muhogo, ukiutonea iodini hauji bluu-nyeusi unakuja na wekundu wekundu wa kahawia. Wanafunzi wa Paje au Micheweni wangefanya hiyo ripoti yao ingekuwa tofauti na ya skuli zote.

fundi_seredani
Naomba nitie pingamizi kidogo. Watu wote mnazungumza jani ligeuke jeusi, ligeuke jeusi. Likigeuka jeusi wamethibitisha nini? Kwamba jani lina wanga. Haya, na muhogo una wanga na hauna mwanga wowote chini ya ardhi. Kama kazi waliyopewa ni kuonyesha kuwa jani linahitaji JUA ili lipike basi jani moja jeusi halithibitishi hata kidogo.

maalim_mstaafu
Fundi umenipata, nilitaka kuifikia hiyo ukanitangulia. Bibie muulize kijana swali aliloandikiwa ni lipi hasa. Kama ni "pima uwepo wa wanga" basi jani moja na iodini yatosha. Kama ni "onyesha umuhimu wa mwanga katika usanisinuru", yaani huko jani kujipikia chakula kwa mwanga, lazima pawe na sehemu iliyokosa mwanga ya kulinganisha nayo.

Mmea wa kwenye kopo au ndoo uwekeni kwenye kabati la giza siku moja mpaka mbili ili akiba yote iliyomo iishe. Hii watu wanairuka wanaona inachelewesha, halafu sehemu iliyofunikwa inakuja nyeusi kwa wanga wa juzi. Baada ya giza, kabla ya kuutoa, jani moja lifunikeni kipande cha katikati kwa karatasi ya foili juu na chini, bana na vibanio vya karatasi, utoeni juani toka asubuhi mpaka alasiri. Kama matembele yenu yapo ardhini hayahamishiki, funikeni jioni magharibi, liache limefunikwa usiku kucha na mchana wa pili wote, chumeni alasiri. Ukilipima palipofunikwa panabaki kahawia na pembeni panaiva weusi, mpaka ule mstari wa foili unauona umekatwa. Kazi kama hii ya kuzuia mwanga na kutia iodini Mjerumani Julius Sachs aliifanya miaka ya 1860, na ndo iliyowafanya watu wakubali kuwa wanga wa jani unatokana na mwanga na si kitu kinachopanda kutoka kwenye udongo.

fundi_seredani
Bado sijaridhika maalim usinichoke. Foili imebana juu na chini, imezuia mwanga, sawa, lakini si imezuia na hewa? Na jani linapika kwa hewa ya kaboni daioksaidi. Sasa utajuaje kilichokosekana ni mwanga na si hewa?

mtoto_wa_Konde
aaah huyu fundi angekuwa mwalim wetu tungehama skuli

maalim_mstaafu
Hili suali zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa. Dawa yake ni jani la pili kwenye mmea huo huo, lifunikeni kwa plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, ukubwa ule ule na ibanwe vile vile. Nalo hewa imezuiwa sawa na lile la foili ila mwanga linapata. Likija jeusi chini ya plastiki na kahawia chini ya foili, hapo fundi hana pa kutokea. Na msibane sana, foili ikiminya jani linajeruhika mnapata alama zisizo za wanga.

Wakitaka kufurahi, foili waitoboe herufi au umbo la nyota kabla ya kuibana. Mwanga unapita pale palipotobolewa tu, iodini ikija nyota inatokea nyeusi juu ya jani. Watoto wa madarasa ya chini hawasahau hiyo hata wakizeeka.

bi_Wete
Shukran jamani, wallahi sikutegemea majibu yote haya. Nimemuuliza kijana, suali lao lina a na b, a ni uwepo wa wanga na b ni mwanga, kwa hiyo fundi katuokoa. Tumefunika matembele ya bibi yao magharibi kama maalim alivyosema, foili moja na plastiki moja, na bibi akasimama mlangoni anauliza mboga zimeugua nini mpaka zifungwe bendeji.

Kesho yake alasiri wakachuma. Maji yalichemshwa nje kwenye seredani, yakaletwa ndani ya birika, gilasi ndani ya bakuli, na baba yao akasimama pale na ndoo ya mchanga hakutikisika mpaka wamemaliza, alikuwa mkali kama askari wa bandarini. Spiriti ilikuwa ya kijani kama juisi. Jani likawa jeupe kweli. Iodini wakaijaribu kwenye wali wa mchana ikaja bluu.

Jani la foili: katikati kahawia, pembeni jeusi, mstari unaonekana wazi. La plastiki jeusi karibu lote, ila chini ya plastiki weusi wake mdogo kidogo kuliko pembeni. Fundi njoo uone 😂 Nimewaambia waandike na hilo.

Sasa la mkarafuu waandike nini, maana bado wanataka kulitia kwenye ripoti kwa vile walishalifanya na picha wamepiga.

fundi_seredani
Ule weusi mdogo chini ya plastiki ndo hewa yangu hiyo! Nimeshinda nusu. Iandikeni na mniandike jina.

maalim_mstaafu
Walitie bila ya kulificha. Waandike hivi: "Kwenye jani la mkarafuu hatukuona rangi ya bluu-nyeusi", halafu waeleze lilichumwa wakati gani, lilichemshwa muda gani, na kwamba rangi ya kijani haikutoka yote na iodini haikuingia. Wasiandike "mkarafuu hauna wanga". Hayo ni maneno mawili mbali mbali na msahihishaji mzuri atawapa alama kwa hilo tu.

Kama wana hamu ya kulirudia, wachume alasiri jani lililokomaa kiasi, si kongwe, walikate vipande vyembamba kwa wembe, wachemshe kwa muda mrefu zaidi na spiriti waibadilishe mara moja katikati ikishakuwa kijani sana. Ile ya kijani wasiimwage jikoni wala isikae karibu na moto, bado inawaka vile vile.

bint_mwani
Na kabla ya kuimwaga hiyo spiriti ya kijani wazime taa waimulike kwa tochi kali ya simu kwa ubavuni, umbijani (ile rangi ya kijani ya jani) ukiwa kwenye spiriti unapigwa na mwanga unarudisha wekundu. Wapige picha, na hiyo waitie kwenye ripoti. Wasiiache dirishani lakini, jua linaiua ile rangi.

dawa_baridi_Chake
Kifuniko cha chupa ya spiriti kiwe kimefungwa kabla ya mambo ya tochi tafadhali.

bi_Wete
Imefungwa, iko juu ya kabati la baba yao na ufunguo anao mwenyewe. Wanamsubiri arudi msikitini awatolee.